Tarehe kigeugeu, na klasi zilizofungwa

Nimekuwa kimya kwa muda, na sitawachosha na visababu. Kilichonirudisha hapa leo ni swali la kijana mmoja ninayefanya kazi naye. Alilileta mezani kwangu Jumanne akiwa amekasirika kabisa. "Mzee," akaniambia, "mbona hawa watu wa Java wamefunga LocalDate? Nataka kuirithi, inakataa!"

Kijana alikuwa akiandika sehemu ya programu inayopanga siku za kulipa mikopo. Siku ya malipo ikiangukia Jumapili au sikukuu, isogezwe mbele hadi siku ya kazi. Wazo lake lilikuwa jepesi: atengeneze klasi yake aiite TareheYaMkopo, irithi kila kitu kutoka kwa LocalDate, kisha aongeze methodi zake mbili tatu. Kompaila ikamtolea maandishi mekundu kwamba LocalDate ni final, yaani hairithiwi na mtu yeyote. Fainali ndiyo hiyo, hakuna mechi ya marudiano.

Nikamwambia aketi. Nilikuwa na hadithi ya kumsimulia, na nilipomaliza nikaona heri niiandike hapa pia, maana sijawahi kuiandika mahali popote. Sababu kubwa ni aibu.

(Makala haya yanaegemea Java. Ndugu zangu wa PHP, msicheke na kuondoka. DateTime yenu ilikuwa na ugonjwa uleule, na ilibidi mngoje hadi toleo la 5.5 mwaka wa 2013 mletewe DateTimeImmutable. Wa JavaScript ndio msiseme kitu kabisa. Date yenu ilinakiliwa kutoka kwa ile ya Java, na miezi inayoanza kuhesabiwa kwa sifuri mkaibeba vilevile.)

Basi, mwaka wa 2009 nilikuwa fundi wa kujitegemea, na mojawapo ya kazi nilizopata ilikuwa kuiandikia SACCO moja ndogo programu ya mikopo. Sitaitaja. Kabla yangu walitumia leja za karatasi na lahajedwali moja kubwa ambayo mtu mmoja tu ndiye aliyejua jinsi ya kuifungua bila kuiharibu. Katika programu yangu kila mkopo ulikuwa na uga wa siku ya malipo yanayofuata. Kila usiku seva ilipitia mikopo yote. Ile ambayo siku yake imepita bila malipo iliongezewa faini, na jina la mwanachama likaingia katika orodha ya wadeni iliyochapishwa asubuhi.

Kaunta ilikaliwa na dada mmoja mpole aliyewajua wanachama karibu wote kwa majina. Mwanachama akitaka kujua malipo yake yajayo, dada alibonyeza kitufe kimoja, printa ikanguruma, karatasi ikatoka na malipo 12 yanayofuata, tarehe kwa tarehe. Kitufe hicho nilikiandika alasiri moja tu. Wanachama walikipenda, nami nikajiona bingwa.

Baada ya miezi kama mitano meneja akanipigia simu. Kulikuwa na watu ambao hawakuwa wamelipa kwa miezi mitatu, na majina yao hayakuwa katika orodha ya wadeni. Walipochungulia mikopo hiyo wakakuta siku ya malipo yanayofuata imesogezwa mbele mwaka mzima. Ilikuwa mikopo 31. Na kwa kuwa nilikuwa nimeweka safu ya kurekodi jina la mtu aliyebadilisha rekodi mara ya mwisho, jina lilikuwa moja katika zote 31. Lilikuwa la dada wa kaunta.

Ninyi mnajua nchi yetu. Uamuzi ulifikiwa kabla chai haijapoa. Alikuwa amekula kitu kidogo, wakasema, na kuwasogezea watu tarehe. Alitumwa nyumbani kungojea kikao cha kamati, na maneno ya polisi yakawa yanatajwa. Meneja hakuniita nitafute hitilafu. Aliniita nichapishe ushahidi. Nami nikauchapisha: orodha ya mikopo 31, tarehe ya zamani kutoka leja, tarehe mpya kutoka hifadhidata, jina la aliyebadilisha. Akaniomba nitie sahihi chini kwamba mashine haisemi uongo. Nikatia.

Ni ndani ya matatu, nikirudi nyumbani, ndipo hesabu ilipoanza kunisumbua. Mwaka mzima kamili kwa kila mtu? Mla rushwa gani huyo asiyejua kumpa huyu miezi mitatu na yule sita kulingana na alichotoa? Na wengine wanne tarehe zao zilikuwa zimeruka miezi 24, mara mbili ya 12 barabara. Binadamu hawafanyi hivyo. Vitanzi vya programu ndivyo hufanya hivyo.

Nilifungua tarakilishi usiku huo na haikunichukua nusu saa. Klasi yangu ya Mkopo ilikuwa na uga wa aina ya java.util.Date, na methodi iliyomrudishia mwombaji Date hiyo. Msimbo wa kuchapisha karatasi uliichukua, ukachapisha tarehe, ukaongeza mwezi mmoja kwa setMonth, ukachapisha, ukaongeza, hadi mara 12. Mimi nilidhani kitanzi kinafanya kazi na tarehe yake binafsi. Kumbe Date ile ilikuwa ni ileile ya mkopo. Sikuwa nimepewa nakala, nilikuwa nimepewa leja yenyewe pamoja na kalamu.

Lakini hakuna mahali nilipoagiza mkopo uhifadhiwe, sivyo? Hapo ndipo Hibernate ilipoingia. Hibernate hukumbuka kila obijekti ilivyokuwa ilipotolewa katika hifadhidata, na muamala unapofungwa hulinganisha. Ikikuta tofauti huandika mabadiliko yenyewe, kwa ukarimu, bila kuombwa. Ikaona tarehe imebadilika, ikaihifadhi. Na msimbo wangu mwingine, ule wa ukaguzi niliojivunia sana, ukaweka jina la mtu aliyekuwa ameingia kwenye mfumo wakati huo. Mwanachama aliyeomba karatasi mara moja alipata mwaka wa bure, aliyeomba mara mbili alipata miwili, na dada aliyewahudumia alipata kesi.

Kulikuwa na kitu kingine pale, kidogo lakini kitamu kwa wapenda hitilafu. Mmoja wa wale 31 alikuwa analipa kila mwisho wa mwezi, na siku yake ilikuwa 31 Agosti 2009. setMonth ilipoitwa, ikamwekea 31 Septemba. Siku hiyo haipo, kwa hiyo Date ikaisukuma kimyakimya hadi 1 Oktoba. Karatasi yake ilikuwa imeruka Septemba nzima! Na kuanzia hapo alikuwa mtu wa tarehe 1. Hakuna aliyegundua, wala yeye mwenyewe. Pengine aligundua akanyamaza, nani anayelalamika akiruka mwezi wa deni?

Sasa, mwenye kosa hapo ni nani? Mimi, bila shaka, kwanza kabisa. setMonth ilikuwa imeshauriwa iachwe tangu JDK 1.1 ya mwaka wa 1997, na kompaila ilikuwa ikinionya kila siku kwa maandishi ambayo nilikuwa nimejizoesha kutoyaona. Lakini nitasema pia kwamba aliyeibuni Date aliniwekea ndoo ya maji mlangoni. Date ilitoka na Java ya kwanza, Januari 1996. Ndani yake kuna namba moja tu, milisekunde tangu 1 Januari 1970. Ni thamani, kama vile saba ni thamani. Hakuna anayetarajia kwamba akimpa jirani saba yake, jirani ataigeuza kuwa kumi na tisa na mwenyewe aamke na kumi na tisa. Hata leo methodi ya setTime ipo na haijashauriwa iachwe.

Kinachoudhi ni kwamba watu walewale, mwaka uleule, walijua kufanya vizuri. String ya Java haibadiliki tangu siku ya kwanza, na klasi yake imefungwa. Jaribu kufikiria ingekuwa kinyume. Unaiomba mashine ifungue faili. Ulinzi unakagua jina la faili, unaridhika, unageuka kuita methodi ya kufungua. Katikati hapo uzi mwingine wa programu unabadilisha herufi za jina lilelile, na kinachofunguliwa ni faili la nywila. Ama unatumia neno kama ufunguo katika HashMap, kisha mtu analibadilisha. Thamani yako bado imo ndani ya ramani lakini huwezi kuifikia, maana hashi ya neno jipya inakupeleka kwenye kapu lingine. Kwa kuwa String haibadiliki, nyuzi 50 zinaweza kuisoma pamoja bila kufuli, na hashi yake ikihesabiwa mara moja inawekwa hapo hapo kwa matumizi ya baadaye. Faida hizo zote hulipwa na ahadi moja tu.

Na madhara ya kukosa ahadi hiyo hayakuanza na SACCO yangu. Mwaka wa 1997, katika JDK 1.1.1, methodi ya Class.getSigners ilimrudishia aliyeiita safu halisi ya ndani, ile inayoonyesha ni nani waliotia sahihi msimbo huo. Safu za Java ni vigeugeu daima. Kwa hiyo apleti kutoka wavuti yoyote iliweza kuichukua safu hiyo na kujiandikia mtia sahihi anayeaminika. Watafiti wa chuo kikuu cha Princeton ndio waliogundua. Dawa yake ilikuwa kurudisha nakala ya safu. Niliposoma habari hiyo miaka mingi baadaye nilijisikia nafuu kidogo, nikijua wakubwa nao hutoa leja na kalamu.

Dawa yangu usiku ule ilikuwa hiyohiyo, nakala. Methodi ya kutoa tarehe ikawa inatengeneza Date mpya na kuitoa hiyo. Nikadhani nimemaliza. Kisha nikakumbuka mlango wa kuingilia: anayeunda mkopo anaweza kunipa Date, nikaihifadhi, naye akabaki na kamba mkononi. Hapo pia nakala. Joshua Bloch, ambaye alikuwa mmoja wa wajenzi wa maktaba hizi huko Sun, aliandika kuhusu hili katika kitabu chake Effective Java cha 2001, na ana mambo mawili ambayo singeyawaza peke yangu. La kwanza, nakili kabla ya kukagua. Ukikagua kwanza, mwenye Date anaweza kuibadilisha katikati ya ukaguzi na kunakili. La pili, unapopokea Date usiinakili kwa clone. Kwa nini? Kwa sababu Date haikufungwa. Unachopewa kinaweza kuwa mtoto wa Date, aliyeandikwa na mtu usiyemjua, ambaye clone yake inarudisha nakala huku ikijiwekea anwani yake pembeni.

Ona mambo mawili yalivyofungamana hapo. Tunazoea kujadili ubadilikaji kivyake na urithi kivyake, lakini klasi inayoweza kurithiwa haiwezi kuahidi kwamba haibadiliki. Inaweza kuahidi kwa niaba yake yenyewe tu. Mtoto wake anaweza kuongeza uga unaobadilika, akapindua methodi, na bado akapita kila mlango ulioandikwa jina la mzazi. BigDecimal, ambayo sisi wa programu za pesa tunaiabudu, ina kasoro hiyo. Methodi zake hazibadilishi chochote, lakini klasi iliachwa wazi, na ilipoeleweka kwamba ingefaa kufungwa tayari kulikuwa na msimbo mwingi duniani usioweza kuvunjwa. Mtu akikupa BigDecimal kutoka nje ya himaya yako, ukitaka kuwa mkali, kagua kama ni BigDecimal halisi ama ni mtoto aliyevaa koti la babake.

Kuhusu urithi wenyewe nina malalamiko yangu, na hapa nitakaa kidogo.

Maktaba za Java za mwanzo zilirithi kama vile urithi ulikuwa wa bure. Stack inarithi Vector. Stack ni kama sahani za harusini: unaweka juu, unachukua juu. Lakini kwa sababu ni mtoto wa Vector unaweza kuingiza sahani chini kabisa au kuchomoa ya katikati, na hakuna atakayekuzuia. Properties inarithi Hashtable, kwa hiyo ingawa imekusudiwa maneno kwa maneno, unaweza kusukumia humo obijekti yoyote. Itanyamaza hadi siku utakapojaribu kuiandika kwenye faili, ndipo irushe kosa mbali kabisa na mahali ulipokosea. Timestamp ya java.sql inarithi Date na kuongeza nanosekunde. Ukiiuliza Date kama inalingana na Timestamp inaweza kusema ndiyo. Ukiiuliza Timestamp kama inalingana na Date ileile inasema la. Ni kama undugu wa upande mmoja. Nyaraka zake zenyewe zinakuonya usiitumie kama Date, na huo ni ungamo wa ajabu kwa klasi iliyotangazwa kuwa ni Date.

Na mimi nimekula za uso. Katika programu ileile ya SACCO nilirithi ArrayList ili nipate orodha ya malipo isiyokubali malipo hasi. Nikapindua methodi ya add, nikaweka ukaguzi, nikaijaribu, ikakataa hasi vizuri sana. Wiki mbili baadaye malipo hasi yakawa yamo ndani. Yalipitia addAll, ambayo katika ArrayList haiiti add hata kidogo. Inanakili safu nzima kwa mkupuo. Haya, nikajifunza. Mahali pengine nikarithi HashSet na safari hii nikajifanya mjanja, nikaweka hesabu yangu katika add na addAll zote mbili. Nikaingiza wanachama saba kwa addAll, hesabu ikasema 14. Kwa HashSet, addAll huiita add kwa kila mmoja! Dada wawili wa familia moja, tabia mbalimbali, na hakuna chochote kwenye majina yao kinachokuambia. Ili kurithi salama lazima ujue mzazi anajiita vipi ndani ya nyumba yake, na mzazi asipoandika hilo katika nyaraka anaweza kulibadilisha toleo lijalo. Sasa siku hizi orodha yangu ya malipo ina ArrayList ndani yake, kama uga wa kawaida. Inatoa milango miwili ninayoitaka na kuficha mingine. Kuandika ni kurefu kidogo. Nimezoea.

Nisiseme kana kwamba wanaofunga hawana gharama. Nimewahi kukwama na maktaba ya watu iliyofungwa kila kitu. Ilikuwa na hitilafu katika methodi moja. Ningeweza kurithi ningeipindua na kulala. Badala yake nilinakili faili zima la msimbo wao, nikarekebisha mstari mmoja, na kwa mwaka mzima nikawa ninalea mtoto asiye wangu. Kotlin ilipotoka na toleo la 1.0 mwaka wa 2016 ilifunga klasi zote isipokuwa uliyoandikia kwamba iko wazi. Kabla mwaka haujaisha ilibidi waandike kiongezi cha kompaila cha kuzifungua tena kwa ajili ya watu wa Spring, maana Spring hutengeneza watoto wa klasi zako kisirisiri. Hibernate yangu ile nayo haitaki klasi za hifadhidata zifungwe, kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo chombo kilichonionyesha ubaya wa vigeugeu ndicho kinachonilazimisha niwe na vigeugeu vilivyo wazi. Mkopo wangu bado ni kigeugeu hadi leo, na ninadhani ni sawa: mkopo ni kitu chenye maisha, kinaanza, kinalipwa, kinafungwa. Kilichokuwa kosa ni tarehe yake kuwa kigeugeu.

Ukiniuliza mimi, klasi ifungwe kwanza, ifunguliwe baadaye ikihitajika. Kufungua kilichofungwa hakuvunji msimbo wa mtu yeyote, ilhali ukifunga kilichokuwa wazi, simu zitakulia usiku kucha. C# mwaka wa 2002 ilichagua njia ya karibu na hiyo kwa methodi: hazipinduliki hadi useme zinapindulika. DateTime yao pia haikubadilika tangu mwanzo. Java ilichagua kinyume na imekuwa ikirudi nyuma polepole: rekodi zilizofungwa katika Java 16 mwaka wa 2021, na baadaye mwaka huohuo, katika Java 17, klasi ambazo mwenyewe unataja kwa majina warithi wanaoruhusiwa. Hiyo ya mwisho naipenda kama wosia ulioandikwa vizuri.

Kutobadilika nako kuna mitego. java.time ilipokuja na Java 8 Machi 2014, ikiongozwa na Stephen Colebourne aliyekuwa ameshaandika Joda-Time, niliikumbatia siku hiyohiyo na siku hiyohiyo nikaandika plusMonths bila kulishika jibu lake. Hakuna kilichotokea, kwa sababu plusMonths haigusi tarehe yako, inakupa nyingine, na mimi nyingine hiyo nilikuwa nimeitupa. Kitanzi changu kikachapisha tarehe moja mara 12. Lakini linganisha makosa hayo mawili: hili la pili lilionekana kwenye karatasi ya kwanza kabisa, nikacheka, nikarekebisha.

Mtego mwingine ni orodha. Ukitoa orodha iliyofunikwa kwa Collections.unmodifiableList umempa mtu dirisha. Yeye hawezi kutia mkono, lakini wewe ukibadilisha ndani anaona vitu vikisogea. List.copyOf, iliyokuja na Java 10 mwaka wa 2018, inampa picha. Na hata picha hiyo, kama vitu vilivyomo ni Date za zamani, kila Date bado inaweza kugeuzwa. Kufunga sanduku hakugeuzi mayai kuwa mawe.

Nirudi kwa yule mtu wa 31 Agosti. Kijana alidhani LocalDate inamtatulia, na kwa sehemu ni kweli: 31 Agosti ukiongeza mwezi unapata 30 Septemba, hairuki. Lakini ukiichukua hiyo 30 na kuiongezea mwezi unapata 30 Oktoba, na umeshapoteza 31 daima. Njia sahihi ni kushikilia tarehe ya mwanzo na kuiongezea mwezi mmoja, kisha miwili, kisha mitatu, kila mara kutoka palepale. Tarehe ya mwanzo ikiwa haibadiliki hilo linakuja lenyewe, maana ipo pale inakungoja. Kwa Date ya zamani tarehe ya mwanzo ilikuwa inaliwa na kitanzi.

Kuhusu sikukuu zake nilimwuliza kijana swali moja tu. 10 Oktoba ni sikukuu? Ilikuwa ikiitwa Siku ya Moi. Katiba ya 2010 ikaiacha nje. Mahakama ikairudisha 2017. Ikabadilishwa jina, na kufikia 2024 ikawa Siku ya Mazingira. Idd nayo inangoja mwezi uandame na gazeti la serikali litangaze. Katika mabadiliko hayo yote, 10 Oktoba yenyewe ilifanya nini? Ilikaa tu. Kinachobadilika ni kalenda ya watu, kwa hiyo iandikie klasi yake, uipe tarehe, ikurudishie siku ya kazi inayofuata. Usimvalishe mtoto wa LocalDate sheria za Bunge. Akanuna kidogo, akaenda.

Na dada wa kaunta. Asubuhi ile nilifika SACCO kabla meneja hajafungua ofisi. Nilimwomba achague mkopo wowote ambao haukuwa na shida, nikabonyeza kitufe mbele yake, karatasi ikatoka, nikamwonyesha hifadhidata: mwaka mmoja mbele, na jina la aliyebadilisha lilikuwa lake yeye meneja, maana ndiye aliyekuwa ameingia kwenye mfumo. Alitazama jina lake kwa muda mrefu. Kisha akaniomba ile karatasi ya jana yenye sahihi yangu, akairarua mwenyewe.

Dada alirudi kazini wiki iliyofuata. Nilienda kumwomba radhi pale kaunta, na kwa kuwa sikujua nianzie wapi nikaanza kumweleza kuhusu obijekti na marejeleo. Akanisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo, kaka," akasema, "kila nilipowapa watu karatasi, kompyuta ilikuwa inanisainia?" Nikasema ndiyo. Akauliza kama sasa anaweza kubonyeza. Nikamwambia abonyeze. Akasita, akamwita mwenzake wa dirisha la pili aje abonyeze yeye.

Kijana amenitumia msimbo wake jana jioni. Klasi ya kalenda iko peke yake, tarehe hazibadiliki, na majaribio yote yamepita, pamoja na lile la 31 Agosti nililomlazimisha aliandike. Bado ananung'unika kuhusu urefu wa majina ya methodi.